Picha ilisema kweli, maandishi yangu ndiyo yalidanganya

Niwieni radhi kwa kuadimika. Wale mnaopita hapa kila wiki mmenikuta kimya, na wawili watatu mmeniandikia mkiuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa na deni, na mwenye deni hapendi kukaa barazani. Leo nalilipa. Ila kabla sijalilipa itabidi mnivumilie nizunguke kidogo, kwa sababu deni lenyewe ni la ndege, na habari za ndege zimenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia.

Ilianza na picha. Binamu yangu anaendesha lori njia ya Iringa. Asubuhi moja, karibu na Mikumi, aliona ndege wanne wakubwa weusi wakitembea kwenye majani makavu kando ya barabara, taratibu, kama wazee wanaotoka kwenye kikao. Akasimamisha lori, akatoa simu, akapiga. Mmoja wa wale ndege alikuwa karibu kuliko wenzake na amegeuza kichwa, kwa hiyo uso wake ulionekana vizuri: ngozi tupu isiyo na manyoya, nyekundu kama pilipili iliyoiva, imelegea mpaka kooni. Binamu akanitumia na swali moja tu: "Mwandishi, huyu ni nani?"

Nilikuwa zamu ya jioni. Mhariri alikuwa anatafuta picha ya kuziba pengo lililoachwa na tangazo lililoondolewa dakika za mwisho. Nikaitazama ile picha labda sekunde kumi. Mweusi, mkubwa, uso mwekundu, ngozi inaning'inia. Nikaandika chini yake: "Bata mzinga wa porini wakijitafutia chakula kando ya barabara kuu ya Morogoro–Iringa." Nikaenda kula chipsi.

Siku ya pili yake simu ya chumba cha habari ikalia, naulizwa mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika bata mzinga?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Mimi ni mtu wa Kilosa. Huyo si bata mzinga. Huyo ni mumbi. Na huyo aliyesimama mbele ni jike."

Nikamwuliza amejuaje kwamba ni jike, maana mimi hata kujua ni ndege gani nilikuwa sijajua.

"Ana bluu kooni. Si umeiona? Picha yako imeonyesha, wewe ndiye hukuangalia." Halafu akasema maneno ambayo sijayasahau mpaka leo: "Picha imesema kweli, mwanangu. Maandishi yako ndiyo yamedanganya."

Nikafungua ile picha, nikaikuza. Naam. Katikati ya ule wekundu wa koo palikuwa na kibaka cha bluu iliyokoza, kama mtu kapakwa wino kwa kidole gumba.

Nilikwenda kwa mhariri nikamwomba tuchapishe masahihisho. Akacheka. Akaniambia mwanasiasa akikosewa jina ataleta wakili, waziri akikosewa cheo atapiga simu, lakini ndege hana wakili wala simu. Nikacheka naye. Lakini usiku ule niliikuta picha yetu imeshasambazwa kwenye mitandao, na maneno yangu yako chini yake neno kwa neno. Mtu wa kwanza kutoa maoni aliuliza: "Wanauzwa bei gani?"

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua watu wanamtambuaje ndege wasiyemjua kwa kuangalia picha, na je, mimi ndiye wa kwanza kuaibika? Nilichokikuta ni kwamba wakubwa zangu walishaaibika kabla yangu, na maandishi mabaya yamewahi kumficha ndege kwa miaka mingi, tena akiwa mbele ya macho ya watu.

Tuanzie Kongo. Mwaka 1909 makumbusho ya elimu ya viumbe ya New York yaliwatuma vijana wawili, Herbert Lang na James Chapin, kwenda kukusanya wanyama katika misitu ya kaskazini mashariki ya Kongo. Walikaa huko mpaka 1915. Mwaka 1913 Chapin alikuwa Avakubi, kwenye mto Ituri, nchi ambayo Kiswahili kilishafika zamani pamoja na misafara ya wafanyabiashara. Watu wa huko walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya ya ndege. Chapin alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na kila unyoya aliouona kwenye kofia aliweza kusema ni wa ndege gani. Isipokuwa mmoja. Ulikuwa wa bawa, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, wenye milia meusi. Hakuujua. Wala hakubuni jina ili aonekane anajua. Aliuhifadhi, akarudi nao Marekani.

Aliukaa nao miaka 23. Mwaka 1936 alikuwa Ubelgiji, kwenye makumbusho ya Kongo yaliyopo Tervuren, kwa kazi nyingine kabisa. Juu ya kabati moja, mbali na ndege wengine, akaona ndege wawili waliokaushwa, wamejaa vumbi. Mmoja wao alikuwa na manyoya yenye rangi ileile na milia ileile. Walikuwa na kibandiko kinachosema ni tausi wa India, wachanga, walioletwa kutoka nje. Hawakuwa wachanga, hawakutoka India, na hakuna aliyewaleta Kongo. Walikuwa tausi wa Kongo, ndege wa msitu wa Afrika, na mwaka huohuo Chapin akamtangaza kwa jina la kisayansi Afropavo congensis. Leo ndiye ndege wa taifa la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Fikirini jambo hilo. Wataalamu waliokuwa wakipita chini ya kabati lile kila siku walikuwa watu wa elimu. Macho walikuwa nayo. Lakini kibandiko kilishasema "tausi wa India", na mtu akishasoma jina huwa haangalii tena. Mwindaji wa Ituri, ambaye hakuwahi kusoma kibandiko chochote, alikuwa amemvaa ndege huyo kichwani.

Enzi hizo kumtambua ndege ilikuwa lazima kwanza umwue. Mtaalamu alipiga bunduki, akachuna ngozi, akajaza pamba, akamfungia kikaratasi mguuni: jina, mahali, tarehe, aliyemkusanya. Kile kikaratasi ndicho maelezo ya picha ya wakati ule. Ngozi bila kikaratasi haikuwa na thamani kubwa, na ngozi yenye kikaratasi cha uongo ilikuwa hatari zaidi.

Kamera ilikuja polepole. Huko Uingereza, ndugu wawili wa Yorkshire, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota vya ndege chenye picha zilizopigwa porini. Ili wasiwatishe ndege waliwahi kutengeneza ng'ombe wa bandia, ngozi ya kweli na ndani uwazi, mpiga picha akajificha tumboni na kamera yake. Cherry baadaye alifika huku kwetu Afrika Mashariki, na mwaka 1909 alimpiga filamu Theodore Roosevelt aliyekuwa amekuja kuwinda. Mmoja ana bunduki, mwingine ana kamera, msitu ni uleule.

Halafu mwaka 1934 Mmarekani mmoja, Roger Tory Peterson, akatoa kitabu kidogo cha kuingia mfukoni. Aliwachora ndege, akaweka vijistari vya kuonyesha alama chache zinazomtofautisha huyu na yule: angalia mstari wa jicho hapa, angalia mkia pale. Nakala 2,000 za kwanza ziliisha upesi. Kuanzia hapo mtu wa kawaida aliweza kumtaja ndege bila kumwua. Sisi tulisubiri zaidi. Mwaka 1963 John Williams wa makumbusho ya Nairobi alitoa kitabu cha namna hiyo cha Afrika Mashariki na Kati, na mwaka 2002 kikaja kile kikubwa cha Terry Stevenson na John Fanshawe ambacho mtakikuta kwenye gari la karibu kila kiongozi wa watalii.

Sasa nawaleta kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, maana ndani yake kuna picha, kuna kibandiko cha uongo, na kuna watu wawili waliofanya kile ambacho mimi sikufanya.

Oktoba 2020, wanaume wawili wa Kalimantan Kusini, Muhammad Suranto na Muhammad Rizky Fauzan, walikuwa kwenye msitu usio mbali na kwao. Kalimantan ni ile sehemu ya kisiwa cha Borneo iliyo ndani ya Indonesia. Hao si maprofesa. Ni watu ambao huingia msituni kutafuta mazao yake, na ndege wa eneo lao wanawajua. Wakamwona ndege mdogo wa kahawia, ana mstari mpana mweusi unaopita juu ya jicho kama nyusi iliyopakwa wanja. Hawakumfahamu. Wakamkamata, wakampiga picha, wakamwachia aende zake.

Wangeweza kusema "huyu ni yule wa kawaida, basi tu kachafuka". Wangeweza kumpa jina lolote. Hawakufanya hivyo. Walituma picha kwa vikundi vya wapenda ndege vya nchini mwao, kimoja kinaitwa BW Galeatus na kingine Birdpacker, wakauliza: huyu ni nani? Panji Gusti Akbar wa Birdpacker akafungua vitabu, akalinganisha, akashangaa. Ndege pekee aliyefanana na huyu alikuwa yule ambaye vitabu vilimchora kwa kukisia, kwa sababu hakuna mtu aliye hai aliyewahi kumwona.

Habari ya huyo ndege ni hii. Katika miaka ya 1840, kati ya 1843 na 1848, mtafiti aitwaye Carl Schwaner, aliyekuwa akifanya kazi katika himaya ya Waholanzi huko, alikusanya ndege mmoja. Mmoja tu. Ngozi ikapelekwa Leiden, Uholanzi. Mwaka 1850 Charles Lucien Bonaparte, wa ukoo wa Napoleon, akampa jina la kisayansi. Kibandiko kikasema alitoka Java. Sasa Java ni kisiwa kingine kabisa, kuna bahari katikati. Ilipita miaka 45 mpaka Johann Büttikofer, mwaka 1895, alipoonyesha kwamba katika miaka ile Schwaner alikuwa Borneo, si Java. Kwa hiyo nusu karne nzima aliyetaka kumtafuta ndege huyu kwa kufuata maandishi angekwenda kisiwa kisicho chake.

Hata baada ya hapo hakuonekana. Vita vikaja vikapita, misitu ikakatwa, nchi ikapata uhuru, ndege akabaki ngozi moja ndani ya sanduku. Zaidi ya miaka 170. Halafu watu wawili, kamera na swali.

Lakini picha na ngozi havikukubaliana kila mahali, na hapa ndipo pananipendeza. Ndege wa Leiden alikuwa na macho ya manjano. Ndege wa kwenye picha alikuwa na macho mekundu ya damu ya mzee. Miguu ya ngozi ilikuwa kahawia, miguu ya ndege hai ilikuwa ya kijivu cha jiwe. Je, ni ndege mwingine? Hapana. Macho hayakaushwi. Mtu anayejaza pamba huyatoa, akaweka vioo vya rangi anayoidhani. Na miguu hupoteza rangi mnyama akishakufa. Kwa hiyo kwa miaka 170 dunia ilikuwa inaangalia macho yaliyobuniwa na fundi. Ilihitajika picha ya ndege anayepumua, kwenye kiganja cha mtu wa kijijini, ndipo tujue macho yake yana rangi gani. Habari hiyo ilichapishwa mapema 2021, na magazeti ya dunia yaliwataja wale wanaume wawili kwa majina yao. Walistahili.

Tangu nisome kisa hicho nimekuwa nikijifunza kuangalia. Yupo kiongozi mmoja wa watalii, rafiki wa rafiki, ambaye amenifundisha kwenye daladala, kwenye foleni, popote tulipokutana na kunguru au kwenzi. Nawapa nanyi bure, huenda ikawafaa.

Kwanza, anasema, achana na rangi. Rangi inadanganya. Jua likiwa nyuma ya ndege, wote ni weusi. Simu ikiwa ya bei nafuu, kijani kinakuwa bluu. Anza na umbo: mkubwa kama nani? Shomoro, njiwa, kuku au korongo? Mkia ni mrefu kuliko mwili au umekatika? Anasimama wima au amelala kama anateleza?

Pili, mdomo. Mdomo ndio kazi ya ndege. Mdomo mfupi mnene unapasua mbegu, kama wa chiriku. Mdomo kama kisu ni wa mdiria anayevua samaki. Mdomo uliopinda kama ndoana ni wa kipanga, huyo anararua nyama. Ukiujua mdomo umeshajua anakula nini, na ukijua anakula nini umeshawafukuza ndege wengi kwenye orodha yako.

Tatu, miguu. Ya kutembea, ya kuogelea, ya kushika tawi? Nne, mahali na wakati. Picha bila mahali ni kama barua bila anwani. Mlimani au pwani, msituni au mbugani, Januari au Julai? Wengine ni wageni wanaokuja kutoka Ulaya wakikimbia baridi, ukiniambia umemwona Julai nitakuuliza mara mbili.

Tano, na hii ndiyo anayoirudia kila siku: jiulize ni nani mwingine anaweza kuwa. Usitafute sababu za kukubali jina lililokujia kichwani, tafuta sababu za kulikataa. Ukishindwa kulikataa, basi.

Haya, turudi kwa mumbi wangu. Laiti ningeuliza maswali hayo jioni ile! Mdomo: bata mzinga ana mdomo mfupi, jamaa wa kuku yule. Ndege wa kwenye picha alikuwa na mdomo mrefu, mweusi, mnene kama ncha ya jembe, umepinda kuelekea chini. Mdomo ule tu ulitosha kunitia shaka. Mahali: bata mzinga asili yake ni Marekani, na aliyefugwa tulinaye mabandani kaletwa na watu. Hakuna bata mzinga wa porini Mikumi, wala Afrika nzima. Hata kama ndege angefanana vipi, mahali palitosha kulikataa jina lile. Na kama ningekuza picha ningeona kope ndefu juu ya macho, kope za kweli kama za binti aliyejipamba, ambazo bata mzinga hana.

Mumbi ni jamaa wa hondohondo, ila yeye maisha yake ni ya kutembea chini. Hutembea kwa familia, wakitafuta wadudu, panya, vyura, hata nyoka. Akikunja mabawa ni mweusi mtupu. Akiruka ndipo utaona manyoya meupe kwenye ncha za mabawa, na mtu anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani ni ndege mwingine. Dume lina koo jekundu lote, jike ana ile bluu. Sauti yake alfajiri ni nzito kama ngoma iliyo mbali. Mzee wa Kilosa aliniambia walipokuwa watoto, mumbi akilia watu walitazama mawingu, na mtoto aliyemrushia jiwe alichapwa.

Huyu ndege huzaa polepole sana na huhitaji eneo kubwa la kutafutia riziki. Tangu 2010 amewekwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kupungua. Sasa mnaelewa kwa nini lile swali la "wanauzwa bei gani" liliniondolea usingizi. Bata mzinga ni kitoweo. Nilipoandika bata mzinga, nilikuwa nimemwambia kila dereva wa njia ile kwamba kando ya barabara kuna kitoweo kinachotembea, hakina mwenyewe. Jina tu. Sikubeba bunduki.

Na msidhani sasa kwa kuwa kuna programu za simu tumepona. Ninayo moja, Merlin, ya watu wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani. Unaipa picha, inakutajia jina. Ni nzuri, inanisaidia. Lakini programu hizo zilifundishwa kwa picha ambazo watu waliziandikia majina. Zinajua walichojua waandikaji. Tukizijaza dunia picha zenye majina ya uongo, siku moja mashine nayo itatujibu uongo wetu wenyewe kwa kujiamini kabisa.

Labda mtasema, visa vyote hivi ni vya mbali. Basi niwape cha nyumbani. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi kwenye misitu ya milima ya Udzungwa. Dalili ya kwanza ya kwamba kuna ndege wasiyemjua hawakuiona mtini wala kwenye darubini. Waliiona kwenye sufuria: jozi ya miguu ya ndege ambayo haikuwa ya kuku wala ya kwale yeyote wanayemfahamu. Kwa kuifuata ile miguu wakamfikia mwenyewe akiwa hai. Mwaka 1994 wakamtangaza, na hakuwa ndege mpya tu, alihitaji kufunguliwa jenasi mpya peke yake. Jamaa zake wa karibu wako misitu ya Asia. Jina walilompa, Xenoperdix, maana yake ni kwale mgeni.

Mgeni! Kwa nani? Ndege aliyekaa milima ile tangu zama zisizohesabika, ambaye aliyebandika sufuria hakumwona wa ajabu. Mgeni alikuwa yule aliyefunua mfuniko. Nafurahi kwamba baadaye, ndege hao walipopatikana pia kwenye milima ya Rubeho, mmoja wa waliomwandikia mwaka 2003 alikuwa Mtanzania, Jacob Kiure, pamoja na profesa wa Copenhagen aitwaye Jon Fjeldså.

Jina hilo la Fjeldså lishikeni, kwa sababu ndilo linalonipeleka kwenye kisa cha mwisho, na ndicho kilichonipa ujasiri wa kuandika haya.

Agosti 1988, katika mji wa Buulobarde nchini Somalia, kwenye bustani ya hospitali, alionekana ndege mdogo wa vichakani ambaye rangi zake hazikulingana na za ndege yeyote aliyejulikana. Alikuwa mmoja tu. Alikamatwa, akapigwa picha, akachukuliwa damu na manyoya machache, na badala ya kuuawa kama ilivyokuwa desturi, alitunzwa hai, akapelekwa mpaka Ujerumani, na mwaka 1990 akarudishwa Somalia na kuachiwa huru. Mwaka 1991 wataalamu, Fjeldså akiwa miongoni mwao pamoja na Msomali Osman Gedow Amir, wakamtangaza kuwa aina mpya. Wakamwita liberatus, yaani aliyeachiwa huru. Palizuka mabishano makubwa duniani: je, inawezekana kutangaza aina mpya ya ndege bila maiti kwenye sanduku?

Alitafutwa tena, hakupatikana. Mwaka 2008 yakatoka majibu ya vipimo vipya vya vinasaba. Hakuwa aina mpya. Alikuwa ndege anayejulikana wa Somalia, ila amezaliwa na rangi tofauti na ndugu zake, kama ambavyo katika nyumba moja mmoja anatoka maji ya kunde na mwingine mweusi tii. Na kati ya walioandika masahihisho hayo yumo Jon Fjeldså mwenyewe.

Mtu aliyempa ndege jina mbele ya dunia nzima, miaka 17 baadaye aliweka jina lake kwenye karatasi inayosema: tulikosea. Hakungoja afe ndipo wengine waseme. Na yule ndege, kwa kuwa hawakumwua, angalau alipata kurudi vichakani.

Kuuliza si ujinga, tumeimbiwa tangu darasa la kwanza. Chapin aliuliza miaka 23. Wale wawili wa Kalimantan nao waliuliza. Fjeldså aliliuliza tena swali ambalo alishalijibu. Mimi nilikuwa na binamu aliyeuliza, "huyu ni nani?", na badala ya kumpelekea swali mtu anayejua, nikaona aibu kukaa bila jibu. Tatizo la kazi yetu sisi waandishi ni hilo. Pengo la ukurasa linatisha kuliko uongo mdogo.

Gazeti halikuchapisha masahihisho. Hapa ni kwangu, sihitaji ruhusa ya mhariri. Kwa hiyo naandika:

Katika picha iliyochapishwa ikiwaonyesha ndege wanne kando ya barabara kuu ya Morogoro–Iringa, ndege hao walitajwa kuwa ni bata mzinga wa porini. Si kweli. Ni mumbi. Aliye mbele ni jike. Hawauzwi. Kosa lilikuwa la mwandishi.

Mzee wa Kilosa, kama kuna mjukuu wako anayekusomea, pokea shikamoo yangu. Na wadau, mkiwa na picha ya ndege msiyemjua nitumieni, na msisahau kuniandikia ilipigwa wapi na lini. Nikimjua nitawaambia. Nisipomjua, nitampigia simu mzee.